Sifa za Anayefunga

Mwezi ukiisha, daftari za vituo vya afya vya Micheweni, Konde, Tumbe na Maziwa Ng'ombe hujumlishwa: wajawazito wangapi walihudhuria, watoto wangapi walichanjwa, homa ngapi zilipimwa na ngapi kati yake zilikuwa malaria. Hesabu hizo huingia kwenye DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Wizara ya Afya ya Zanzibar huitumia kama zifanyavyo nchi nyingine nyingi. Anayeingiza hesabu anaona fomu na kitufe cha kuhifadhi. Nyuma ya kitufe hicho ipo seva isiyokaa Micheweni, ndani ya seva ipo kanzidata ya PostgreSQL, na ndani ya PostgreSQL imo kazi ninayotaka kuisifu, maana sijapata kusikia ikisifiwa na mtu: kazi ya kuhesabu mafaili yaliyo wazi na kuyafunga kwa adabu.

Programu yoyote ya Unix au Linux haishiki faili lenyewe. Huliomba kwa keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, nayo keneli huirudishia namba, iliyo ndogo kuliko zote zilizo huru wakati huo. Sifuri ni njia ya yanayoingia, moja ni ya yanayotoka, mbili ni ya malalamiko. Mafaili ya kazi huanzia tatu. Namba hizi ndizo deskripta. Muunganisho wa mtandao nao hupewa deskripta, na bomba linalopitisha data kutoka programu hii hadi ile vivyo hivyo. Seva ya wavuti inayopokea maombi kwa niaba ya programu nyingine hutumia mbili kwa kila mgeni: moja ya kumsikiliza, ya pili ya kwenda kumuulizia ndani.

Na namba hizi zina ukomo. Katika toleo la 6 la Unix, mwaka 1975, mchakato mmoja uliruhusiwa kufungua mafaili 15. Katika toleo la 7, mwaka 1979, 20. Kumbukumbu ya PDP-11, mashine za Unix za enzi hizo, ilikuwa finyu, na kila nafasi kwenye jedwali la keneli ilikuwa na bei yake. Leo Linux kwa kawaida huanza na 1024. Haikubaki hapo kwa ubahili. Iko kazi ya zamani iitwayo select, ambayo hufuatilia deskripta kwa safu ya biti 1024. Programu inayoitumia ikipewa deskripta iliyopita mwisho wa safu hiyo huandika pasipo pake na kujiharibia kumbukumbu yenyewe. Ndiyo maana waandishi wa systemd, programu inayowasha huduma kwenye Linux, katika toleo la 240 la Desemba 2018, walipopandisha kikomo cha juu hadi 524,288 walikiacha kikomo cha kuanzia palepale kwenye 1024. Programu inayojijua kuwa haina haja na select ijipandishe yenyewe. Naupenda uamuzi ule: anayetaka zaidi aombe, na aombe akijua anachokiomba.

Kanzidata ina kila sababu ya kuomba. Anayeitazama kwa nje hudhani jedwali moja ni faili moja. Kwenye PostgreSQL jedwali hukaa kwenye faili lenye jina la namba tupu. Likifika gigabaiti moja huanzishwa faili la pili, kisha la tatu. Pembeni yake kuna faili la ramani ya nafasi zilizo wazi, na jingine la ramani ya kurasa ambazo safu zake zote zinaonekana na kila mtu. Kila faharasa ina faili lake. DHIS2 nayo, ili ripoti zitoke haraka, hujenga majedwali ya uchambuzi yaliyokatwa mwaka kwa mwaka, na kuwekea faharasa safuwima moja baada ya nyingine. Afisa wa wilaya akifungua grafu ya chanjo ya miaka mitano, amegonga mafaili makumi kwa mbofyo mmoja. Isitoshe, PostgreSQL huanzisha mchakato mpya kwa kila muunganisho, na kila mchakato una deskripta zake. Faili moja linaweza kuwa limefunguliwa mara mia na watu mia. Mipangilio ya kuanzia inaruhusu miunganisho 100, na mafaili 1000 kwa kila mchakato. Zidisha mwenyewe.

Hapa ndipo mafundi wa PostgreSQL walipoonyesha ufundi. Kwanza, seva haiamini inachoambiwa. Inapowashwa, kabla ya kumhudumia mtu yeyote, huinakili deskripta moja tena na tena mpaka ikataliwe au ifikie kiwango ilichopangiwa, ikahesabu imepata ngapi, kisha ikazifunga zote. Kutoka kwenye hesabu hiyo huweka kando kumi kwa ajili ya shughuli zisizopitia utaratibu wake. Ikibakiwa na pungufu ya 48, hukataa kuwaka na kusema sababu. Ni bora mara mia kushindwa alfajiri mbele ya msimamizi kuliko kushindwa saa tano ya asubuhi mbele ya wauguzi wa wilaya nzima.

La pili ndilo kubwa. Msimbo unaosoma majedwali haupewi deskripta ya keneli kabisa. Hupewa namba ya bandia, na nyuma ya namba hiyo kuna kumbukumbu: faili linaitwaje na lilifunguliwa kwa namna gani. Nafasi zikijaa, faili lililokaa muda mrefu kuliko yote bila kuguswa hufungwa kimyakimya na deskripta yake kupewa jingine. Likihitajika tena hufunguliwa upya kwa kumbukumbu ile, na msimbo uliolitaka haujui kwamba lilipata kufungwa. Mvuvi wa madema wa Tumbe anaielewa kazi hii bila kuelezwa: hashiki kamba za madema yake yote, ameyaacha chini, anajua lilipo kila moja, na mkononi ana kamba ya lile analolivuta sasa. Hata pale hesabu ilipokosea na keneli ikakataa katikati ya kazi, mchakato hauangui kilio. Huandika mstari mmoja kwamba deskripta zimekwisha, huachia faili moja, hujaribu tena.

Mahali pamoja tu mafundi wenyewe walinyoosha mikono. Mchakato mkuu ukishindwa kumpokea mgeni mpya kwa sababu jedwali la keneli limejaa, hupumzika sehemu ya kumi ya sekunde ili usichome prosesa bure, kisha hurudi mlangoni. Kwenye maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo wanakiri kwamba hakuna kubwa la kufanya ila kutumaini wengine wataachia. Maneno ya namna hiyo hayamo kwenye vipeperushi vya wauza programu, na ndiyo yanayonifanya niwaamini.

MySQL, kanzidata nyingine, ina tabia yake. Ikiomba deskripta ikapewa chache, haikatai kuwaka. Hupunguza mahitaji yake kimya, ikaacha onyo kwenye kumbukumbu za seva. Wasimamizi wengi wanaijua namba 214. Mtu ameandika kwamba anataka miunganisho 500, amewasha upya, anaulizia anapata 214, anadhani amerogwa. Hesabu yake ni hii: kikomo ni 1024, toa 10 za akiba, toa 800 zinazotengwa kwa ajili ya majedwali 400, mawili kwa kila moja. Zinabaki 214. Namba inayoonekana ya ajabu ni kutoa kwa darasa la tatu, lakini asiyesoma kumbukumbu za seva hawezi kuijua. Mimi nasimama upande wa PostgreSQL katika hili. Mtumishi anayekataa waziwazi ni rahisi kuishi naye kuliko anayeitikia kila kitu na kutimiza nusu.

Msimamizi naye ana sehemu yake ya ufundi, na yake ni ya kushuku. Mtego mkongwe ni faili la limits.conf. Msimamizi anaandika humo 65536, anaingia upya, anaamuru ulimit -n, anaona 65536, anatabasamu. Kanzidata inaendelea kugonga 1024. Sababu ni kwamba faili lile husomwa mtu anapoingia kwenye mashine kwa jina na neno la siri, ilhali huduma inayowashwa na systemd haipiti mlango huo. Kikomo chake huandikwa kwenye faili la huduma yenyewe, kwenye mstari wa LimitNOFILE. Anayejua kazi hatazami alichoandika. Anakwenda kwenye /proc, chini ya namba ya mchakato unaohusika, anasoma limits. Hapo keneli inasema inachokijua.

Chini ya namba hiyohiyo kuna folda iitwayo fd, na humo deskripta zote zilizo wazi zimepangwa kama zilivyo. Folda hii ina mengi. Idadi ikipanda mchana na kushuka usiku, hayo ni maisha ya kazi, na kikomo kinaweza kupandishwa kwa moyo mweupe. Ikipanda leo, ikapanda kesho, na usiku isishuke, kuna programu inayofungua na kusahau, na kuipandishia kikomo ni kuisogezea mbele siku ya kuanguka. Nimeona watu wakipeleka kikomo hadi milioni ili kosa namba 24, lile la mafaili kuzidi, lisionekane tena. Hawakuliponya; wamelizuia lisiseme.

Mtandao wetu huongeza kisa kingine. Mtu yuko Kiuyu, simu inapoteza mawimbi katikati ya kutuma. Simu haikuaga. Kwa seva, muunganisho bado upo na deskripta yake bado imeshikwa. Programu isiyojiwekea muda wake wa kusubiri huitegemea keneli, na Linux, hata ikiombwa kuchunguza miunganisho iliyo kimya, kwa mpangilio wa kawaida hukaa saa mbili, sekunde 7200, kabla ya kuuliza kama upande wa pili uko hai. Muda huo ulichaguliwa na watu waliofikiria nyaya. Kwenye shehia ambako mawimbi huja na kwenda, kuupunguza hadi dakika chache huokoa deskripta nyingi kuliko kupandisha kikomo.

Simu yenyewe, kwa njia, ina kanzidata yake. Programu ya DHIS2 ya simu za Android huhifadhi data kwenye SQLite mpaka mtandao upatikane, na SQLite haihitaji deskripta nyingi. Hata hivyo ina mwiko mmoja unaostahili heshima: hailiachi faili la kanzidata likae kwenye deskripta ya sifuri, moja au mbili. Ilishatokea programu ikaifunga njia yake ya malalamiko, kisha ikafungua kanzidata, na keneli kwa desturi yake ikatoa namba ndogo iliyo huru, yaani mbili. Baadaye sehemu nyingine ya programu ikapata kosa na kulalamika, na malalamiko yakaandikwa katikati ya kanzidata. Tangu toleo la 3.8.1 la mwaka 2013, SQLite ikipewa namba iliyo chini ya tatu huikataa na kuomba nyingine.

Nimesifu kufunga, na sitakuwa mkweli nikificha kwamba kufunga nako kuliwahi kuleta balaa, na balaa lenyewe lilipita kwenye utaratibu uleule wa namba za bandia. PostgreSQL haiandiki diskini moja kwa moja. Huikabidhi keneli kurasa, na baadaye, wakati wa kuhitimisha, huiamuru kwa fsync ihakikishe zimefika. Diski ikishindwa, keneli humwarifu mwenye deskripta. Lakini je, kama faili lilifungwa ili kupisha mengine, kisha likafunguliwa upya kwa deskripta mpya? Mwaka 2018 Craig Ringer aliliweka suala hili mbele ya watengenezaji wenzake. Ilibainika kwamba Linux ikishatoa taarifa ya kosa mara moja huzihesabu kurasa zile kuwa safi, fsync ya pili hujibu kwamba mambo yako sawa, na kulingana na toleo la keneli, deskripta iliyofunguliwa baada ya kosa inaweza isilisikie kabisa. Seva iliamini imehifadhi, na haikuwa imehifadhi. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu hodari walikuwa wamejenga juu ya dhana kwamba fsync ikirudiwa, kosa litarudi.

Dawa waliyoichagua ni kali. Tarehe 14 Februari 2019 yalitoka matoleo ya 11.2, 10.7, 9.6.12, 9.5.16 na 9.4.21 kwa pamoja, na ndani yake fsync ikishindwa, seva nzima hujiangusha na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu za miamala, zilizoandikwa kabla ya kitu kingine chochote. Wapo waliolalamika kwamba ni kupita kiasi. Sisi tuliozoea umeme wa majenereta ya Wesha, kabla ya kebo ya baharini kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010, mashine kuzimika ghafla haitutishi kama mashine inayosema imehifadhi ilhali haikuhifadhi. Mpangilio wa kurudisha tabia ya zamani upo bado. Unaitwa data_sync_retry, na huja ukiwa umezimwa. Siugusi.