Namna ya Kumpima Mpiga Udi wa Mombasa

Mpiga udi wa Mombasa hupimwa kwa mambo matatu, nayo ni usahihi wa sauti zake, ubunifu wake ndani ya kanuni, na jinsi anavyoyatumikia maneno ya shairi. Hilo la tatu ndilo lenye uamuzi, kwa kuwa taarabu ya mwambao wa Kenya ni fani ya ushairi kabla ya kuwa fani ya ala. Kielelezo kinachofaa zaidi ni Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyejijengea jina Mombasa kama mpigaji, mtunzi na mwimbaji, kwa sababu sifa zote tatu zilikutana kwake.

Usahihi huanzia kwenye ala yenyewe. Udi una shingo fupi isiyokuwa na vigawanyo, hivyo kidole cha mkono wa kushoto hakina kinachokiongoza ila sikio. Nyuzi zake nyingi zimepangwa mbili mbili, na kila jozi hukazwa mpaka itoe sauti moja. Jozi isiyosawazishwa husikika kana kwamba wapigaji wawili wanagombana. Mtihani mkubwa zaidi ni maqamu, yaani ngazi ya sauti yenye mpangilio na hisia zake maalumu, ambayo asili yake ni muziki wa Kiarabu. Katika maqamu ya bayati, kwa mfano, sauti ya pili hukaa katikati ya sauti mbili jirani za kinanda, na mpigaji anayeipandisha au kuishusha ili ilingane na kinanda huwa ameiondolea bayati utamu wake. Msikilizaji aitegee sikio sauti hiyo kila inaporudi, maana kuipata mara moja kwaweza kuwa bahati, lakini kuipata kila mara ni ustadi.

Ubunifu huonekana katika taksimu, yaani kipande cha ala pekee kisichofungwa na mapigo ya ngoma, ambacho mpigaji hukibuni papo hapo ili kuitambulisha maqamu kabla ya wimbo kuanza. Mpiga jazi wa Marekani naye hubuni papo hapo, ila kwa kawaida huongozwa na mfuatano wa sauti unaopigwa na wenzake, ilhali mpiga udi hana wa kumwegemea. Taksimu njema huanzia sauti za chini, hupanda hatua kwa hatua, hutalii kidogo katika maqamu jirani, kisha hurejea kwenye sauti ya msingi kwa njia inayowaridhisha wasikilizaji. Mkono wa kulia nao uangaliwe: risha, ambacho ni kipigio chembamba kilichokuwa zamani unyoya wa ndege na siku hizi aghalabu ni plastiki, hutetemeshwa juu ya uzi ili sauti idumu, lakini anayeitetemesha bila kikomo huwa anaficha upungufu wa fikra.

Kuyatumikia maneno, ambacho ni kipimo cha tatu, huanzia kwenye muundo wa shairi. Katika shairi la kawaida, kila mshororo una mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita, zilizogawanywa nane kwa nane, na vina hukaa mwishoni mwa kila kipande. Mwimbaji stadi hupumua penye mgawanyo huo, wala halikati neno katikati ili aifuate lahani. Udi nao hupunguza sauti maneno yanapotamkwa, kisha hujibu pale mshororo unapokwisha. Hapa ndipo Zein alipojitenga na wengi, kwani alishirikiana na Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha, akaimba tungo zilizojaa msamiati wa Kiamu, lahaja ya Lamu, bila kuufifisha. Mpigaji anayejaza nafasi zote kwa mbwembwe za vidole, hata akiwa mwepesi kiasi gani, amelivunjia shairi heshima.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakiwatoshi wanamuziki wote wa taarabu. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa mahadhi ya Kihindi huku mashairi yake mengi yakitungwa na Ahmad Nassir, na kumpima kwa bayati ni kumdhulumu. Yeye apimwe kwa jinsi sauti yake ilivyobeba uchungu wa maneno. Zuhura Swaleh aliingiza mapigo ya chakacha, ngoma ya wanawake katika harusi, pamoja na taishokoto, ala ya Kijapani yenye vibonyezo, ambayo haiwezi kutoa sauti za katikati. Uzuri wa kazi yake umo katika mdundo unaomwinua mchezaji kitini.

Anayetaka kujifunza kupima aanze na santuri ya Zein iitwayo Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa London mwaka 1990, kisha azitafute kanda za harusi, za aina iliyosambazwa na Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale. Kanda hizo zina thamani kubwa, kwa sababu katika harusi mpigaji hupiga usiku kucha mbele ya watu wanaoyajua mashairi na wanaomtunza kwa fedha pale mshororo unapowagusa. Baada ya kusikiliza, msikilizaji ajiulize kama anaweza kukariri kibwagizo na kueleza maana yake. Akishindwa ilhali anajua Kiswahili vizuri, basi kosa ni la mpigaji, hata kama vidole vyake havikuteleza hata mara moja.