Vitabu Vidogo vya Ibada: Je, Vyalea Roho au Vyaidumaza?

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa nchi hii hukosi kuona, karibu na Biblia, kitabu kingine chembamba ambacho jalada lake limechakaa kuliko la Biblia yenyewe. Kitabu hicho kimegawanywa kwa tarehe. Kila siku ina ukurasa wake, na kila ukurasa una aya moja ya Maandiko, hadithi fupi, maelezo machache, na sala ya mistari mitatu au minne. Msomaji huumaliza kabla chai haijapoa, kisha akaenda zake kazini. Ningependa kuuliza kama kitabu cha namna hiyo humlea msomaji hata akue katika imani, ama humweka katika hali ya mtoto siku zote.

Mtu asemaye kwamba vitabu hivi havina faida yoyote, historia itamkana. Mwaka 1521 askari mmoja wa Hispania, Ignatius wa Loyola, alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga katika mji wa Pamplona. Akalazwa nyumbani kwao wiki nyingi, na kwa kuwa aliona uchovu wa kukaa bure aliomba aletewe hadithi za mashujaa wapanda farasi, maana hizo ndizo alizozipenda. Hazikupatikana. Badala yake alipewa kitabu cha maisha ya Kristo kilichoandikwa na mtawa Ludolph wa Saxony, pamoja na kitabu cha maisha ya watakatifu. Alivisoma kwa kukosa vingine. Lakini akatambua jambo moja: alipowaza habari za vita na mabibi wa ikulu alifurahi kitambo, halafu moyo wake ukabaki mkavu, na alipowaza habari za watakatifu furaha ilidumu hata baada ya kitabu kufungwa. Kwa kulichunguza jambo hilo dogo maisha yake yaligeuka, na ndiye aliyekuja kuanzisha Shirika la Yesu. Naomba msomaji aweke akiba kipimo chake. Utamu wa kusoma si hoja. Hoja ni kinachobaki kitabu kikiisha kufungwa.

Tena tusisahau kwamba kitabu cha Ludolph kilikuwa kikubwa mno, wala hakikuandikwa kwa mtu mwenye dakika tano.

Sasa na tukiangalie kitabu kimoja kilichovuma sana katika karne hii. Mwaka 2000 Bruce Wilkinson, mwalimu wa Biblia wa Marekani, alitoa kijitabu kiitwacho The Prayer of Jabez, yaani Sala ya Yabesi. Nakala zake ziliuzwa kwa mamilioni, na nyingine zikavuka bahari hata kwetu. Msingi wake ni aya mbili tu katika sura ya 4 ya Mambo ya Nyakati wa Kwanza. Sura 9 za mwanzo za kitabu hicho ni orodha za koo za Israeli, majina juu ya majina, na msomaji wa kawaida huziruka. Katikati ya majina hayo mtu mmoja anasimamishwa kidogo. Mama yake alimzaa kwa uchungu, na jina lake likauchukua uchungu huo. Yabesi alimwomba Mungu ambariki, aipanue mipaka yake, mkono wake uwe pamoja naye, na amwepushe na uovu, Mungu akamjalia. Basi. Hatuambiwi alipata shamba kubwa kiasi gani, wala aliishi miaka mingapi, wala hakuna mtu mwingine anayeagizwa kuirudia sala hiyo. Majina yanaendelea kama kwanza.

Wilkinson ana haki yake. Aliona kwamba wengi huomba kwa woga, kana kwamba Mungu ni karani mwenye haraka, akawafundisha waombe kwa ujasiri. Wala kwake mipaka haikuwa fedha hasa, ilikuwa nafasi kubwa zaidi ya kumtumikia Mungu. Lakini alimshauri msomaji aiombe sala hiyo kila siku kwa siku 30 na kuyatazama mabadiliko. Hapo ndipo kijitabu kilipoacha kufundisha kuomba kikaanza kufanana na cheti cha daktari: dawa hii, mara hizi, kwa siku hizi.

Nalimjua mwalimu mwenzangu aliyeletewa kijitabu hicho wakati mkewe alipokuwa mgonjwa hospitali. Walioleta walikuwa marafiki wema. Aliomba sala ya Yabesi kila alfajiri bila kukosa hata moja, na siku hizo 30 zikatimia. Mkewe alifariki kabla ya mwezi wa pili kwisha. Baada ya mazishi tuliketi nje ya nyumba yake, akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nilikosea wapi? Labda kuna siku nilisoma bila imani." Sikuwa na jibu. Neno hilo liliniuma kuliko maneno yote yaliyosemwa kaburini, kwa maana mtu huyu alikuwa amefiwa na mke, na juu ya msiba huo kijitabu kilikuwa kimemwongezea hatia ambayo haikuwa yake. Kitabu chenye kuahidi matokeo hakina mahali pa kumweka mtu ambaye matokeo hayakumfikia, ila katika kundi la wasioamini vya kutosha.

Mwandishi mwenyewe alikutana na ukuta kama huo. Alihamia kusini mwa Afrika mwaka 2002, akakusudia kujenga huko Swaziland, nchi ambayo tangu 2018 inaitwa Eswatini, makao makubwa ya kuwatunza yatima 10,000. Hakupata ardhi kwa masharti aliyoyaomba, na mwaka 2005 akajiuzulu katika shirika aliloliunda. Sisemi hayo kwa kumcheka. Kuwahurumia yatima si jambo la kuchekwa. Nayasema kwa sababu sura moja juu ya mipaka isiyopanuka, kama ingaliongezwa mwishoni mwa kijitabu, ingalimfaa mwenzangu kuliko zile zote za kwanza.

Kasoro hii si ya kitabu kimoja tu. Imo katika desturi yenyewe ya kukata aya na kuitoa kwa jirani zake. Aya ipendwayo kuliko nyingi katika vitabu vya ibada, na katika kadi za kuwatakia watahiniwa heri, ni ya 11 katika sura ya 29 ya Yeremia, pale Mungu anaposema kwamba anawawazia watu wake mema na kuwapa tumaini la siku za mwisho. Ni nani asiyeipenda? Lakini tuulize iliandikwa kwa nani. Nebukadreza alikuwa amewachukua mateka watu wa Yerusalemu akawapeleka Babeli. Katika sura ya 28 nabii mmoja, Hanania, anasimama mbele ya watu na kutangaza kwamba kabla ya miaka 2 kwisha mateka wote watakuwa wamerudi. Maneno hayo yalikuwa matamu, na bila shaka yalipendwa. Yeremia akawaandikia mateka barua: jengeni nyumba huko huko, pandeni bustani, oeni na kuoza, uombeeni amani mji uliowateka, maana miaka ya Babeli ni 70. Aya ya 10 inaitaja hesabu hiyo wazi. Ndipo ifuatapo aya ya 11.

Mtu mzima aliyeisikia barua hiyo ikisomwa alijua kwamba yeye atafia ugenini. Tumaini lilikuwapo, la kweli, lakini lilikuwa la wajukuu. Na yeye aliitwa apande miti ambayo matunda yake yataliwa na wengine. Hilo ni tumaini gumu na kubwa. Ukurasa wa ibada uitoao aya ya 11 peke yake, na kumwambia msomaji kwamba mambo yake yatanyooka karibuni, umechukua kinywa cha Yeremia na kukitamkisha maneno ya Hanania. Sidhani waandishi hufanya hivyo kwa hila. Ukurasa ni mdogo, na miaka 70 haienei humo.

Kwa sababu hiyo hiyo Zaburi ya 88 haionekani sana katika vitabu hivi. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kuishia kwa sifa, lakini hiyo huishia gizani. Mwenye kitabu cha tarehe angefanya nini nayo? Afadhali hata wale rafiki watatu wa Ayubu, ambao kwanza waliketi chini pamoja naye siku saba bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofumbua vinywa.

Je, basi vitabu vyote vya kila siku ni vya kutupwa? Hasha. Kipo kimoja nikiheshimucho, ijapokuwa hunikasirisha mara kwa mara, nacho ni My Utmost for His Highest cha Oswald Chambers, Mskoti. Yeye mwenyewe hakukiandika. Alifundisha katika chuo cha Biblia huko London, kisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akawahudumia askari kambini Zeitoun, karibu na Cairo, akafia Misri mwaka 1917 baada ya kupasuliwa. Mkewe, Gertrude, alikuwa fundi wa hati mkato, naye alikuwa ameyaandika mafundisho yake mengi yalipokuwa yakitoka kinywani. Kutoka katika maandishi hayo alikusanya kurasa za siku zote za mwaka, kitabu kikatoka mwaka 1927. Katika dibaji alitia herufi mbili tu, B.C., na jina lake halikutajwa. Ni wajane wachache walioacha kazi iliyosomwa hivyo.

Nguvu ya Chambers ni kwamba hambembelezi msomaji. Humwambia asiitegemee hali ya moyo wake, asiyaabudu hata yale aliyoyaonja ya Mungu, atii leo katika jambo lililo mbele yake. Mtu akikifunga kitabu hicho hubaki na kazi ya kufanya. Kasoro yake ni kwamba kila ukurasa ni kipande cha hotuba ndefu. Hukumu imebaki, sababu imeachwa nyuma. Mara nyingine nimesoma sentensi yake kali nikataka kumshika mkono na kumwuliza, "Kwa nini wasema hivyo?" Wanafunzi wake wa London waliweza kumwuliza. Mimi siwezi.

Jambo hilo hilo laweza kusemwa juu ya kitabu kikongwe zaidi, Kumfuata Kristo, ambacho hutajwa kuwa kazi ya Thomas à Kempis, mtawa aliyeishi karibu na Zwolle katika Uholanzi, akafa mwaka 1471. Kazi mojawapo ya mtu huyu ilikuwa kunakili Biblia yote kwa mkono wake, na alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu kitabu chake kinanukia Maandiko katika kila mstari. Lakini msomaji hupewa mchuzi bila kujua nyama ilichemshwa muda gani. Tena kiliandikwa kwa watawa. Shauri lake la kuepuka mazungumzo ya watu na kukaa chumbani lamfaa mtawa. Mama mwenye watoto watano na duka sokoni, akilifuata lilivyo, ataona kwamba maisha aliyopewa ni kizuizi cha wokovu wake, na hilo si kweli.

Ninapotafuta mfano wa mwalimu wa imani atakavyokuwa, namkumbuka Filipo katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Towashi wa Kushi, mtu mkubwa aliyesimamia hazina ya malkia wake, alikuwa katika gari njiani kutoka Yerusalemu, akisoma chuo cha Isaya. Filipo alimwuliza kama ayafahamu ayasomayo. Akajibu kwamba hawezi asipoongozwa na mtu. Filipo akapanda, akaketi naye, akaanza pale pale towashi alipokuwa amefika. Hakumnyang'anya chuo akampa kingine kifupi. Kisha Filipo akaondolewa, hakuonekana tena, na yule Mkushi akaenda zake akifurahi, na chuo tunadhani bado kimo garini mwake. Vitabu vingi vya ibada havijui kushuka garini. Mwaka ukiisha hutoka kingine chenye tarehe mpya, na msomaji wa miaka ishirini bado anapewa aya moja moja, naye hajapata kukisoma kitabu kimoja cha Biblia tangu mwanzo hata mwisho.

Wako watakaonijibu kwamba dakika tano ni bora kuliko sifuri, na kwamba mfanyakazi anayeamka saa kumi na moja ili awahi basi hana nafasi ya kusoma sura tatu. Ni kweli, nami sina neno juu ya mtu huyo. Lakini hata yeye aweza kuisoma barua ya Yeremia kwa juma zima, kidogo kidogo kwa mfuatano wake, badala ya aya saba za mahali saba.

Mwaka ulipopita tangu msiba ule, yule mwalimu mwenzangu alikuja kwangu kuazima kitabu cha maelezo juu ya Yeremia. Kijitabu cha Yabesi hakukichoma moto. Alisema kimo rafuni, maana waliokileta walimpenda. Aliniambia kwamba amemaliza sura ya 28, na kwamba alipoisoma mara ya kwanza alikuwa upande wa Hanania. Tulizungumza habari hiyo mpaka usiku, na asubuhi yake sote wawili tulichelewa darasani.