Sanduku la Asia na saa ya London

Kati ya mbinu za foreks wanazopewa wanaoanza, ya kuvizia ufunguzi wa London ndiyo inayoonekana nyepesi kuliko zote. Haidai kufuatilia habari za uchumi wala kujaza chati mistari. Inataka saa tu, na ni kwenye saa hiyohiyo ambapo wengi wanakwama.

Mantiki yake si mbaya. Usiku wa kwetu Afrika Mashariki, Tokyo ikiwa kazini, paundi dhidi ya dola kwa kawaida hutembea kidogo. Benki za London zikifungua, bei huchangamka, maana pesa nyingi ziko huko: takwimu za 2022 za Benki ya Makazi ya Kimataifa (BIS) zilionyesha miamala ya dola trilioni 7.5 kwa siku duniani, na asilimia 38 ikipitia Uingereza. Basi treda anachora sanduku, yaani kilele na kitako cha bei tangu saa tisa usiku hadi London ifungue, kisha anaweka oda mbili za kusubiri, ya kununua juu ya sanduku na ya kuuza chini yake. Moja ikishika, nyingine inafutwa.

Tuseme kilele ni 1.2735 na kitako 1.2700. Oda ya kununua inakaa 1.2740 na stop losi 1.2695, hivyo hatari ni pipsi 45 (pipsi moja ni 0.0001 ya bei). Mwenye akaunti ya dola 100 akitumia loti 0.01, kila pipsi ni senti 10. Akikosea anapoteza dola 4.50. Akiona hiyo ni ndogo akapanda hadi loti 0.10, kosa moja linaondoka na dola 45.

Zile pipsi 5 za juu ya kilele si urembo. Chati ya MetaTrader kwa kawaida huchora bei ambayo treda anauzia, lakini oda ya kununua hushikwa na bei ya kununulia, ambayo iko juu kidogo. Asiyehesabu tofauti hiyo, yaani spredi, anajikuta ameshaingia sokoni huku chati ikionyesha kilele hakijaguswa, halafu anamlaumu broka.

Sasa saa yenyewe. London hufungua saa mbili asubuhi ya kwao. Majira yao ya joto, hapa Afrika Mashariki ni saa nne asubuhi; Jumapili ya mwisho ya Oktoba wakirudisha saa nyuma, inakuwa saa tano. Saa zetu hazibadiliki, kwa hiyo aliyezoea kuweka oda saa nne anaendelea vilevile Novemba. Anafunga sanduku mapema kwa saa nzima, na mwendo wa kwanza wa benki za Frankfurt unaweza kumshikia oda kabla London haijaamka. Akipigwa mara kadhaa anatangaza kuwa mbinu imekufa. Mbinu iko palepale; aliyepotea ni yeye.

Kuna na mtego wa pili, ambao wakufunzi wengi wanaupita juu juu. Mabroka wengi hupanga saa ya seva zao ifuate New York, ili siku ya soko iishe saa sita kamili usiku kwenye chati. Kwao mshumaa wa ufunguzi wa London husomeka 10:00, kiangazi na kipupwe, na anayefuata chati badala ya saa ya ukutani hapati shida. Isipokuwa Marekani na Uingereza hazibadilishi saa siku moja. Kati ya Jumapili ya pili na ya mwisho ya Machi, na tena kwa wiki moja kuelekea Novemba, mshumaa huo huhamia 11:00.

Hata ukipatia saa, mivunjo ya uongo ipo: bei inatoka nje ya sanduku, inakusanya oda, inarudi ndani. Siioni mbinu hii kuwa ya kumlisha mtu. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa biashara ya aina hii hupoteza pesa.

Anayetaka kuijaribu aanze kwenye akaunti ya demo mwezi Septemba na asiweke pesa yake kabla ya katikati ya Novemba, ili ayaone majira yote mawili na ile wiki ya katikati.