Namba ya Hitilafu au Namba ya Dalili? Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Ufundi wa Magari

Tafsiri tunayokusudia kuihakiki ni karatasi ya kurasa mbili, iliyonakiliwa mara nyingi hata herufi zake zimefifia, yenye kueleza kwa Kiswahili namba zitolewazo na kompyuta ya injini katika magari ya Toyota ya zamani. Haina jina la mfasiri. Tuliikuta Lupaso, wilayani Masasi, imebandikwa kwenye ubao wa karakana iliyo chini ya mwembe, tulipokuwa tukikusanya maneno ya mafundi wa magari. Yatupasa tukiri mapema kwamba mfasiri huyo amefanya kazi ambayo sisi tulio maofisini hatukuifanya, na kwamba mafundi wanaitumia kila siku. Ndiyo maana makosa yake yana gharama.

Kwa faida ya msomaji asiye fundi, tukieleze kwanza kifaa kinachohusika. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikiingiza sokoni mwaka 1976, na magari ya Volvo ndiyo yaliyotangulia kukitumia. Hufungwa kwenye ekzosi, ncha yake ikiwa ndani ya moshi, na kazi yake ni kutambua oksijeni iliyosalia baada ya petroli kuungua. Oksijeni ikisalia nyingi, kifaa hutoa umeme hafifu wa karibu volti 0.1, ikisalia haba, hutoa karibu volti 0.9. Kompyuta husoma umeme huo, ikaongeza petroli au ikaipunguza, ili kila kilo 1 ya petroli ipate kilo 14.7 hivi za hewa.

Mafundi hukiita sensa. Wako wanaolipinga neno hilo kwa kuwa sensa ni kuhesabu watu, lakini hatujapata kusikia mtu aliyedhani injini yake inahesabu wananchi; muktadha hutosha. Karatasi yetu inatumia “kihisi oksijeni”. Kihisi ni neno zuri, nalo limekwisha kuenea. Upungufu wake uko kwingine: halisemi ni oksijeni ya wapi. Vijana wawili wa karakana hiyo tuliowauliza walijibu kwamba kifaa hicho hupima hewa inayoingia kwenye injini. Hawakuwa wajinga, walilisoma jina kama lilivyo. “Kihisi moshi” hakifai, kwa kuwa jina hilo ni la kifaa cha kutahadharisha moto ndani ya nyumba. Tunapendekeza “kihisi oksijeni cha ekzosi”. Ni refu, lakini urefu huo unamwelekeza fundi mahali pa kutazama.

Kosa kubwa la karatasi hii haliko katika jina la kifaa. Katika magari hayo ya zamani, fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, yaliyoandikwa TE1 na E1, akawasha swichi bila kuwasha injini, kisha akahesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21. Namba 21 yahusu kihisi chenyewe na nyaya zake. Namba 25 ina maana nyingine: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Mfasiri ameziandikia zote mbili maneno yale yale, “hitilafu ya kihisi oksijeni”, chini ya kichwa kisemacho “Namba za Hitilafu”.

Lililotokea Lupaso ni hili. Gari kuukuu la mkulima mmoja wa korosho lilianza kula mafuta, hasa lilipopanda mlima kuelekea Newala. Fundi alihesabu taa, akapata 25, akaitazama karatasi ubaoni, akamwambia mwenye gari anunue kihisi. Kilinunuliwa Masasi mjini, kikafungwa. Siku ya tatu taa ikawaka tena. Mkulima akarudi akidai fedha zake, na ugomvi ule ndio uliotukaribisha siku tuliyofika.

Kihisi cha kwanza hakikuwa kibovu. Gasketi ya ekzosi ilikuwa imepasuka mahali palipo kabla ya kihisi, na hewa ya nje ikawa inavutwa ndani ya bomba. Kihisi kikasema kweli kwamba oksijeni ni nyingi; kompyuta ikadhani petroli haitoshi, ikaongeza. Mita ya umeme ingetosha kuonyesha hayo. Injini ikiwa imepata moto, kwa kuwa kihisi hakifanyi kazi kabla ya ncha yake kufikia nyuzi 300 hivi za Selsiasi, mtu hupima waya wake wa ishara. Volti zikipanda na kushuka kwa haraka kati ya 0.1 na 0.9, kihisi ki hai. Zikikwama chini, ongeza petroli kidogo. Zikipanda, kihisi bado ki hai, tafuta penye kuvuja. Zikikataa kupanda ndipo ichukuliwe spana ya milimita 22, ekzosi ikiwa bado na uvuguvugu ili uzi wa skrubu usiharibike.

Kwa hiyo hatukubaliani na istilahi “namba ya hitilafu”. Homa si malaria, na mganga asomaye kipimajoto hasemi kwamba kipimajoto kimeharibika. Namba 25 ni habari iliyoletwa na kihisi, wala si shtaka juu yake. Tunapendekeza “namba ya dalili”, na maelezo ya 25 yaandikwe “hewa imezidi petroli”, ya 26 “petroli imezidi hewa”. Neno hitilafu libaki kwa kile kitakachothibitishwa na vipimo.

Kwa upande mwingine, karatasi ina neno moja ambalo tungependa liingizwe katika orodha zetu bila kuguswa. Kile kisafishi cha moshi chenye vitundu vingi kilichomo ndani ya ekzosi, mfasiri amekiita “masega”, kama wanavyokiita mafundi wenzake. Aliyewahi kurina asali haelezwi zaidi.

Tulipoondoka, fundi alikuwa amekata kwa kalamu maelezo ya 25 pale ubaoni na kuandika juu yake: “Tafuta hewa kwanza.” Fedha za mkulima zilikuwa bado hazijarudi.