Kusadikika na Kufikirika

Sisi wasomaji wa Kasongo na Kabambare twampenda Shaaban Robert, lakini pengine hutuchosha. Katika Kusadikika (1951), nchi iliyo angani, wajumbe sita hutumwa pande sita, hurudi na maarifa, kisha hutiwa gerezani. Akifika mjumbe wa tatu, mwisho wake twaujua! Tena majina yatangulia kutoa hukumu: waziri amshtakiye Karama aitwa Majivuno.

Basi, mbona twakisoma tena? Ni kwa ajili ya Karama huyo, asimamaye peke yake barazani akitetea elimu ya sheria, wala hatetemeki.

Kufikirika kilitoka 1967, mtungaji amekwisha kufa tangu 1962. Twatamani nchi ya tatu, hatutaipata. Kiswahili chake chatupa taabu. Mzee mmoja hutusomea jioni, naye akiruka ukurasa twamkemea.