Pongezi kwa Matabibu wa Viungo

Katika mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mgonjwa mmoja aliyeumwa na kiuno hata maumivu yakateremka mguuni alilala kifudifudi juu ya kitanda kilichoachwa kimeinuliwa upande wa kichwani, na tabibu wake wa viungo, Robin McKenzie, alipoingia akafadhaika kumkuta mgongo umepindwa kinyume cha ada ya tiba ya siku zile. Lakini mgonjwa akamwarifu kwamba mguu hauumi tena. Mwingine angalihimidi na kunyamaza. McKenzie akatafuta sababu.

Hapo ndipo ninapoistahi kazi hii: tabibu wa viungo hujenga dhana, kisha huijaribu kwa mikono na kwa masuali (maumivu huzidi saa ngapi, huhamia wapi, mwili ukiinama hupungua au la?), naye yu tayari kuitupa mara ishara zinapoikadhibisha. Wagonjwa huona udhia kuulizwa sana, hasa wenye picha ya eksirei mkononi. Picha huonyesha mfupa, haielezi kwa nini mchukuzi ashindwe kuinama alfajiri na jioni aweze. Na ganzi ikitanda mapajani kwa ndani, mkojo usizuilike, tabibu huacha kukanda, akampeleka mgonjwa kwa mpasuaji saa ile ile.