Rutuba: Neno Lililohama Nyumbani Likaenda Shambani

Mwanafunzi wa Kibondo akisoma katika maandishi ya zamani kwamba chumba kilikuwa na rutuba, hupotewa na njia. Kwake rutuba ni sifa ya shamba, ule udongo mweusi wa bondeni uoteshao maharage bila kubembelezwa. Chumba chenye rutuba kitaota nini?

Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 ingemjibu, maana humo rutuba ni majimaji na unyevu. Maana hiyo ndiyo ya asili: mzizi wake wa Kiarabu hutaja ubichi na maji, na Mswahili akaaye Maskati huisikia rutuba hata leo katika habari za hali ya hewa, wakati kanzu inapomganda mwilini. Huku kwetu neno lilifuata mkulima. Udongo wenye maji ndio uzaao, basi sifa ya kuzaa ikameza ile ya maji.

Je, lawama ya unyevu imebakiwa na neno gani? Chepechepe ni ya nguo iliyonyeshewa, haifai kwa ukuta. Unyevu ni kipimo tu: mahindi ya ghalani yasizidi asilimia 13.5, na hapo hapana chuki. Unyevunyevu wakaribia, ila kurudufu huku hupunguza nguvu, kama katika majimaji.

Wako wasemao kuwa lugha imepungukiwa. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Kiswahili hulaumu tendo la unyevu kuliko unyevu wenyewe. Katika nyanda za Kibondo na Kasulu, ambako mvua huanza Oktoba au Novemba na kufika Aprili au Mei, anayekataa gunia hasemi lina unyevu. Husema limeota kuvu, au limevunda. Sumukuvu, neno la juzijuzi, limezaliwa kwa njia hiyo hiyo, na ni neno zuri.

Lakini chumba chaweza kuchukiza kabla hakijanuka. Mfasiri aandikaye uvundo amezidisha. Aandikaye unyevu amepunguza. Hapo pengo ni la kweli, na kuirudisha rutuba hakutaliziba, kwani Kibondo kutachekwa. Ila mhariri achapaye upya maandishi ya kale aiache mahali pake, aieleze chini ya ukurasa. Akiibadili kimyakimya, msomaji hatajua kamwe kwamba shamba la kwao na kuta za Unguja viliwahi kusemwa kwa neno moja.